Sekunde Thelathini: Historia ya Kuandikwa kwa Habari za Faili, Ikitazamwa kutoka Jinja na Mbale

Mwaka 1954 Malkia Elizabeth wa Pili alifungua bwawa la Owen Falls mjini Jinja, pale Mto Nile unapoanza safari yake kutoka Ziwa Victoria. Bwawa hilo sasa linaitwa Nalubaale, na tangu 2000 lina jirani yake, kituo cha Kiira. Mtu aliyekulia Jinja, kama mimi, huambiwa tangu utotoni kwamba mji wake ndio unaowasha taa za nchi nzima. Basi ni ajabu kidogo kwamba ninachokumbuka zaidi kuhusu umeme wa Jinja ni kuzimika kwake.

Mnamo 2005 na 2006 maji ya ziwa yalishuka sana, mitambo ikakosa nguvu, na mgao wa umeme ukaingia kila mji wa Uganda. Wakati huo kaka yangu alikuwa na kompyuta moja na printa katika chumba cha kupanga, akiwapigia watu taipu kwa malipo ya ukurasa: barua za maombi ya kazi, mialiko ya harusi, ripoti za utafiti. Jioni moja alikuwa anamalizia ripoti ya mama mmoja, mwalimu aliyekuwa akisomea cheti cha juu zaidi. Alibonyeza kuhifadhi. Kabla hajanyanyua mkono kutoka kwenye kipanya, mtaa mzima ukawa giza.

Umeme uliporudi kesho yake, faili lilikuwepo. Jina lake lilikuwa sahihi, tarehe na saa ya jana zilikuwepo, na hata ukubwa ulikuwa ule uliotarajiwa. Lakini alipolifungua, ndani hamkuwa na neno hata moja la yule mama. Kaka aliilaumu kompyuta, mama akamlaumu kaka, na mimi niliyekuwa mtoto nilibaki na swali ambalo ndilo la insha hii: kompyuta iliwezaje kukumbuka kila kitu kuhusu ripoti ile isipokuwa ripoti yenyewe?

Jibu lina historia ya zaidi ya miaka hamsini. Hoja yangu ni kwamba waliounda mifumo ya mafaili walijifunza hatua kwa hatua kuulinda mfumo wenyewe dhidi ya kuzimika ghafla, na kila hatua ilikuwa pia uamuzi, mara nyingi usiotamkwa, kuhusu nani atabeba hasara ya zile sekunde chache kabla maandishi hayajafika kwenye diski.

Kwanza tuelewane kuhusu maneno. Faili katika diski si kitu kimoja. Kuna maandishi yenyewe, halafu kuna habari za faili, ambazo wataalamu huziita metadata: jina, ukubwa, mwenye faili, saa lilipobadilishwa, saa liliposomwa mara ya mwisho, na ramani inayoonyesha ni bloku zipi za diski zinazobeba maandishi hayo. Katika mfumo endeshi wa Unix, ambao Ken Thompson na Dennis Ritchie walianza kuuunda katika maabara za Bell huko Marekani mwaka 1969, habari hizi ziligawanywa. Jina lilikaa ndani ya saraka, likiwa na namba pembeni yake. Namba hiyo ilielekeza kwenye kikadi kidogo kiitwacho inodi, na mengine yote yalikaa huko. Katika Toleo la Sita la Unix, la 1975, inodi moja ilichukua baiti 32, kwa hiyo inodi 16 zilikaa katika bloku moja ya baiti 512.

Diski ni polepole, kumbukumbu kuu ni ya haraka. Kompyuta ikikimbilia diski kila baiti moja inapobadilika, mtumiaji atakaa akiangalia dari. Kwa hiyo Unix ilinakili inodi kutoka kwenye diski na kuiweka katika jedwali ndani ya kumbukumbu kuu, ikabadilisha nakala hiyo, na kuitia alama. Alama yenyewe ilikuwa biti moja tu. Biti moja ilisema kwamba inodi hii imebadilishwa, nyingine ikasema kwamba saa ya kusomwa inahitaji kurekebishwa. Inodi yenye alama kama hiyo, katika lugha ya mafundi, ni “chafu”. Sioni neno bora la Kiswahili, na nadhani hili linatosha: kama sahani iliyotumika, si mbovu, ila kuna kazi juu yake ambayo haijafanywa. Bloku nazo zilikuwa na alama yao ya kusema kwamba uandishi umeahirishwa.

Nani basi aliosha vyombo? Kulikuwa na amri iitwayo sync, iliyopita katika jedwali zima la inodi, ikatazama kila moja, na kupeleka zilizo chafu kwenye diski. Katika Toleo la Sita jedwali hilo lilikuwa na nafasi 100 tu, na bafa za bloku zilikuwa 15, kwa hiyo kulipitia lote halikuwa jambo la kuumiza kichwa. Kisha kulikuwa na programu ndogo ya chinichini iliyoitwa update, ambayo kazi yake yote ilikuwa kuamka kila baada ya sekunde 30, kuita sync, na kulala tena.

Hizo sekunde 30 ndizo ninazozungumzia. Zilikuwa makadirio ya busara ya mafundi waliokaa katika jengo lenye umeme wa kutegemewa. Kama mashine inakufa mara chache kwa mwaka, kupoteza nusu dakika ya kazi ni bei ndogo. Sisemi kwamba walikosea. Nasema tu kwamba bei hiyo ilipangwa mahali fulani, kwa mahitaji ya mahali hapo, kisha ikasafiri ikiwa imefungwa ndani ya programu kama bei iliyochapishwa kwenye pakiti. Katika mji ambao umeme unakatwa siku moja hadi nyingine, hesabu ni tofauti kabisa.

Kuna kisa cha mafundi wa zamani ambacho nakipenda. Kabla ya kuzima mashine waliandika sync mara tatu, kila moja katika mstari wake. Sababu ni kwamba amri ile ilirudisha jibu kabla ya diski kumaliza kuandika: ilipanga kazi, haikusubiri kazi iishe. Kuandika mara ya pili na ya tatu kulimpa mtu kitu cha kufanya wakati diski inakamilisha. Wanafunzi wao waliiga bila kujua sababu, wakaandika zote tatu katika mstari mmoja, na faida ikapotea.

Hasara ya nusu dakika ingekuwa kitu chepesi kama ingekuwa nusu dakika tu. Tatizo kubwa zaidi lilikuwa mpangilio. Kutengeneza faili jipya kunagusa sehemu kadhaa za diski: saraka inapata jina, inodi inajazwa, orodha ya bloku zilizo wazi inapunguzwa. Umeme ukikatika kati ya sehemu hizo, diski inabaki na nusu ya ukweli. Jina linaweza kuelekeza kwenye inodi isiyo na kitu. Baya zaidi, bloku moja inaweza kudaiwa na mafaili mawili, na hapo kila unapoandika katika moja unaharibu jingine. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Ted Kowalski wa Bell aliandika fsck, programu iliyopita diski nzima baada ya ajali ikilinganisha kila jina na kila inodi na kila bloku, na kurekebisha palipopingana. Ilikuwa kama mkaguzi wa hesabu anayefungua madaftari yote kuanzia ukurasa wa kwanza.

Ili mkaguzi aweze kufanya kazi, uharibifu ulipaswa kuwa wa aina inayoeleweka. Hapo ndipo watu wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walipoingia. Mfumo wao wa mafaili uliotoka na 4.2BSD mwaka 1983, kazi ya Marshall Kirk McKusick na wenzake, uliandika habari za faili moja kwa moja kwenye diski kwa utaratibu maalumu, bila kusubiri zile sekunde 30. Inodi ilifika kwenye diski kabla ya jina linaloielekeza. Na wakati wa kufuta, jina liliondolewa kwanza, kisha inodi. Maandishi yenyewe yaliendelea kungoja. Angalia kilichotokea hapa: mfumo ulisema waziwazi kwamba habari za faili zina haraka kuliko faili. Kwa mfumo wenyewe hilo ni sawa kabisa, kwa sababu inodi moja iliyoharibika inaweza kuangusha kazi za watu wengine mia. Lakini mteja mmoja mwenye ripoti moja halitazami jambo hivyo.

Utaratibu wa Berkeley ulikuwa salama na wa kuchosha. Kufuta saraka yenye mafaili elfu moja kulimaanisha kuisubiri diski maelfu ya mara. Suluhisho lililoshinda lilitoka mahali ambapo wafanyabiashara wa Jinja wangelitambua mara moja.

Wahindi waliofungua maduka katika Main Street ya Jinja na katika mitaa ya Mbale waliweka vitabu viwili. Kimoja, rojmel, kilikuwa daftari la kila siku: kila kilichoingia na kutoka kiliandikwa hapo, mstari chini ya mstari, kwa haraka, kwa mpangilio wa kutokea kwake. Baadaye, duka likitulia, mistari hiyo ilihamishiwa kwenye leja, kila mteja na ukurasa wake. Italia ilikuwa na desturi kama hiyo. Luca Pacioli aliieleza katika kitabu chake cha hesabu cha 1494, ambapo miamala iliandikwa katika shajara kabla ya kwenda kwenye daftari kuu. Uzuri wa mpango huu unaonekana siku ya ajali. Karani akiugua katikati ya kuhamisha, hakuna haja ya kukagua leja nzima. Anayemrithi anafungua shajara, anatafuta alama ya mwisho, na kuendelea kutoka hapo.

Wataalamu wa hifadhidata walikwisha kutumia wazo hili katika miaka ya 1970. Mwaka 1987 Robert Hagmann wa Xerox alieleza jinsi alivyolitia katika mfumo wa mafaili wa Cedar. Mabadiliko ya habari za faili yalikusanywa kwa nusu sekunde hivi, yakaandikwa pamoja katika shajara kwa mkupuo mmoja, kisha yakapelekwa mahali pao pa kudumu kwa wakati wa nafasi. Badala ya diski kurukaruka huku na huku, iliandika mstari mmoja ulionyooka. Baada ya ajali kilichohitajika ni kusoma shajara tena, kazi ya sekunde badala ya saa. IBM ilifuata mwaka 1990 na JFS. Microsoft ilitoa NTFS mwaka 1993 pamoja na Windows NT. Linux ilingoja hadi Novemba 2001, kazi ya Stephen Tweedie iitwayo ext3 ilipoingia katika kiini chake rasmi. Berkeley hawakukata tamaa: Greg Ganger na Yale Patt walipendekeza mwaka 1994 njia ya kufuatilia ni badiliko gani linategemea lipi bila kutumia shajara kabisa, na McKusick akaitekeleza. Ni kazi ya akili nyingi mno, nami nakiri kwamba niliisoma mara tatu kabla ya kuielewa nusu.

Sasa turudi kwenye chumba cha kaka. Kompyuta yake ilikuwa ya Windows XP yenye NTFS. Shajara ya NTFS inaandika habari za faili, haiandiki maandishi. Jioni ile jina, tarehe na ukubwa mpya vilikwisha kuingia katika shajara, na asubuhi mfumo ukavirudisha kwa uaminifu wote. Maneno ya yule mama yalikuwa bado katika kumbukumbu kuu, katika kurasa chafu zinazongoja zamu. Ukubwa ulisema kuna kurasa, na mahali pa kurasa palikuwa na sifuri tupu. Kwa mtazamo wa mfumo hakukuwa na ajali yoyote. Mkaguzi angesaini.

Kwa haki, ext3 ilikuwa na huruma zaidi. Katika hali yake ya kawaida ilihakikisha kwamba maandishi yanafika kwenye diski kabla ya habari zake kuthibitishwa katika shajara, na ilithibitisha kila sekunde 5. Watu walizoea. Waandishi wa programu walizoea zaidi, wakaacha kutumia fsync, amri ambayo programu huitoa ili kudai faili moja lifikishwe kwenye diski sasa hivi. Kisha ikaja ext4, iliyotangazwa kuwa tayari katika Linux 2.6.28 mwishoni mwa 2008. Hii ilichelewesha hata kuchagua bloku za maandishi ili izipange vizuri zaidi, na dirisha la hatari likarefuka tena. Mapema 2009 watumiaji walianza kulalamika kwamba kompyuta ikizimika ghafla mafaili yao ya mipangilio yanabaki na baiti sifuri. Theodore Ts'o, msimamizi wa ext4, alijibu kwamba mfumo unafanya inavyoruhusiwa na kwamba programu ndizo zilipaswa kuita fsync. Alikuwa sahihi kwa mujibu wa maandishi ya viwango. Hata hivyo aliongeza marekebisho, yaliyoingia rasmi na toleo la 2.6.30, ili faili linalobadilishwa kwa kubatizwa jina la jingine lisipotee namna hiyo. Nadhani marekebisho yale ni muhimu katika historia hii kuliko shajara yenyewe, kwa sababu hapo msanifu alikubali kubeba sehemu ya hasara ambayo sheria ilimruhusu kumwachia mtumiaji.

Wakati huohuo uoshaji wa vyombo nao ulikuwa unabadilika. Jedwali la inodi 100 unaweza kulipitia lote. Seva yenye inodi laki kadhaa katika kumbukumbu haiwezi. Linux iliziweka inodi chafu katika orodha, kila moja na saa ilipochafuka, ili mwoshaji achukue zilizokaa muda mrefu zaidi bila kugusa zilizo safi. Waoshaji wenyewe kwa muda walikuwa kikundi cha kati ya wawili na wanane, kwa jina la pdflush, wakihudumia diski zote, na diski moja iliyo polepole iliweza kuwashika wote. Jens Axboe akaleta mpango wa kila diski kuwa na mwoshaji wake, ulioingia katika 2.6.32 mwezi Desemba 2009. Mwoshaji huyo huamka kila sekunde 5 na kuchukua kilichokaa kwa zaidi ya sekunde 30. Ndiyo, ni zilezile 30. Nilipoikuta namba hiyo katika mipangilio ya kompyuta yangu hapa Mbale, nilihisi kama mtu aliyekuta senti ya zamani ndani ya mto wa kochi.

Jambo dogo lililosumbua kila kizazi ni saa ya kusomwa. Kusoma faili tu, bila kubadilisha herufi, kulichafua inodi na kuzaa uandishi. Mnamo 2009 Linux iliamua kuirekebisha saa hiyo kwa nadra, na mwaka 2015 toleo la 4.0 likaleta hiari ya kuziacha saa katika kumbukumbu hadi siku nzima, isipokuwa kama inodi ina sababu nyingine ya kuandikwa.

Bwawa la Bujagali, chini kidogo ya Jinja, lilikamilika mwaka 2012 na megawati zake 250, na mgao ule wa kila siku ukaisha. Umeme bado hukatika kwa mvua na kwa nguzo kuanguka. Huku Mbale, nilikokuja kusoma, hatari imehamia kwenye flashi. Flashi zetu nyingi hutumia FAT, mfumo ulioanzia Microsoft mwaka 1977, usio na shajara wala inodi. Jina na ukubwa viko katika saraka, mnyororo wa bloku uko katika jedwali jingine, na kila kimoja huandikwa kwa wakati wake. Mwanafunzi akiichomoa flashi kabla taa yake haijatulia, mnyororo unaweza kuwa umefika bila jina. Kila mtu hapa amewahi kuona saraka iitwayo FOUND.000 na ndani yake FILE0000.CHK: maneno yote yapo, yamepoteza mwenyewe. Ni kinyume kabisa cha ripoti ya yule mama, ambaye jina lilibaki na maneno yakaenda.

Babu yangu, mkulima wa kahawa kwenye miteremko ya mlima Elgon, aliniambia kwamba hakuwahi kuondoka kwenye mizani kabla karani hajamkabidhi karatasi yenye uzito na jina lake, hata foleni nyuma yake ikipiga kelele. Magunia yalikuwa yamekwisha kuingia ghalani, na daftari la chama lingejazwa jioni. Katikati ya hayo mawili alikuwa na ile karatasi mfukoni.

Mama mwalimu aliandika ripoti yake upya kwa mkono, kutoka kwenye vipande vya rasimu, na kaka akaipiga taipu bila malipo kwa usiku tatu, kwa taa ya betri ya gari na kompyuta ya kukopa. Mpaka leo hubonyeza kuhifadhi mara tatu, kila mara akinyanyua kidole na kuangalia ile taa ndogo ya diski. Nilimweleza habari za sync na mafundi wa zamani, na kwamba mara tatu zenyewe hazina maana bila kusubiri. Akaniuliza kama nilidhani yeye hasubiri.